Kemia si Urithi wa Wateule

Iko kauli moja iliyozoeleka mno katika vyuo vyetu vya kati, na hata katika baadhi ya vyuo vikuu. Hutamkwa na wakufunzi, na wakuu wa idara, na wakati mwingine na maofisa wa udahili, kana kwamba ni kanuni ya maumbile isiyoweza kupingwa. Kauli yenyewe ni hii: "Huyu hana msingi wa kemia." Ikisha kutamkwa, shauri limekwisha. Mwanafunzi aliyetamkiwa hivyo huanza kuhesabu siku zake chuoni, mkufunzi hujiona ametimiza wajibu wake, na taifa hupoteza mganga, mtaalamu wa maji, fundi wa maabara au mwalimu ambaye lilikwisha kuanza kumgharimia. Makala hii inakusudia kuipinga kauli hiyo. Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ya kweli imegeuzwa kuwa ngao ya uvivu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Vijana wengi, na watu wazima si haba, wanaingia vyuoni kusoma kemia ya mwaka wa kwanza wakiwa wamebeba mzigo mwepesi sana wa kemia ya sekondari. Sababu zake kila mwalimu anazifahamu. Kwa miaka mingi utaratibu wetu ulimruhusu mwanafunzi kuachana na fizikia na kemia mara amalizapo kidato cha pili, huku hisabati na biolojia zikibaki za lazima hadi kidato cha nne. Kijana wa miaka kumi na sita, pengine kwa kufuata rafiki zake, pengine kwa kuwa mwalimu wa kemia alihamishwa katikati ya mwaka, alifunga mlango ambao hakujua siku moja atauhitaji. Shule za kata zilipofunguliwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, madarasa yalitangulia na maabara zikafuata nyuma kwa mbali. Ndiyo maana mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete alikuwa bado anasukuma kampeni ya kuitaka kila shule ya kata ijenge maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Wengi waliomaliza shule katika miaka hiyo walijifunza titresheni kwa kuitazama ubaoni. Bureti waliiona katika mchoro. Asidi waliijua kwa jina, kama vile mtu wa Dodoma anavyojua habari za papa.

Sasa tuutazame mlango wa chuo. Sifa ya chini ya kujiunga na kozi nyingi za afya za ngazi ya cheti na stashahada ni kufaulu kemia na biolojia, na kufaulu huko kunaanzia alama D. Katika mtihani wa kidato cha nne, D ni alama 30 hadi 44 kwa mia. Yaani sisi wenyewe, kwa hiari yetu na kwa kanuni tulizoziandika na kuzipiga mihuri, tumemwambia kijana: ingia, hata kama zaidi ya nusu ya uliyoulizwa hukuyajua. Hakuna ubaya katika hilo. Nchi yenye upungufu wa wataalamu haiwezi kumngoja kila mtu apate A. Ubaya unaanza wiki ya pili, pale mkufunzi anapoingia darasani na kuanzia mahali ambapo mwenye A angeanzia. Tumemkaribisha mgeni kwa D, tukamwandalia chakula cha A, na asipoweza kukitafuna tunasema hana meno.

Wasomaji watakumbuka yaliyotokea mwezi Mei mwaka 2016, ambapo zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao, na baadaye mwaka huo wengi wao wakapangiwa vyuo vya ualimu vya serikali, wengine wakakosa nafasi. Katika mabishano niliyoyasikia maofisini na kwenye mabasi wakati ule, swali lilikuwa daima: nani ana sifa na nani hana? Sikumsikia mtu aliyeuliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa zaidi: hao walioingia, kwa sifa zozote zile walizoingia nazo, walipangiwa kufundishwa nini katika mwezi wa kwanza, na kwa njia gani?

Hapana budi tuuulize msingi huo wenyewe ni kitu gani. Ukimwuliza mkufunzi, atakutajia orodha ndefu: muundo wa atomi, valensi, jedwali la elementi, asidi na besi, milinganyo, umeme na kemia, kemia ya kaboni. Lakini mbane akuonyeshe katika karatasi za mtihani mahali hasa ambapo wanafunzi wake wanaanguka. Mara nyingi atakuonyesha hesabu za uwiano. Mwanafunzi hajui kugawa 9 kwa 58.5 bila kuogopa. Hajui kwamba miligramu 1,000 ni gramu moja, au anajua lakini hajazoea kulitumia. Hajazoea kusoma alama H₂O kama sentensi yenye habari ndani yake. Anaisoma kama jina la utani la maji. Haya hayahitaji miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Yanahitaji wiki chache za kufundishwa kwa makini na mtu asiye na kiburi.

Chukua dripu ya maji ya chumvi inayotundikwa kila siku katika hospitali zetu. Imeandikwa asilimia 0.9, maana yake gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kwa kawaida utakuta pia imeandikwa kwamba kila lita ina milimoli 154 za sodiamu. Muuguzi mwanafunzi anayeziona namba hizi kama siri mbili tofauti atazikariri zote mbili, na baada ya mtihani atazisahau zote mbili. Lakini mwelezwe kwamba moli moja ya chumvi ina uzito wa gramu 58.5, yaani 23 za sodiamu na 35.5 za klorini, kisha aachwe agawe mwenyewe, kwa mkono wake, 9 kwa 58.5. Atapata 0.154. Zidisha kwa 1,000, na zile milimoli 154 zimejitokeza mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo chupa ile inazungumza naye.

Na moli yenyewe, hilo dubwana linalowatisha maelfu, ni nini? Ni korija. Wafanyabiashara wa pwani wamehesabu kanga kwa korija, ishirini ishirini, tangu zamani. Muuza mayai ana trei yake ya thelathini, na mwalimu hununua daftari kwa dazeni. Mkemia naye ana korija yake. Ila kwa kuwa vitu anavyovihesabu ni vidogo kupita kiasi, korija yake ni kubwa kupita kiasi: chembe 602,214,076,000,000,000,000,000, idadi iliyowekwa kimataifa kuwa maana rasmi ya moli tangu tarehe 20 Mei 2019. Korija ya kanga na korija ya mablanketi hazilingani uzito ingawa idadi ni ile ile. Ndivyo ilivyo moli ya maji kuwa gramu 18 na moli ya chumvi gramu 58.5. Mtu aliyewahi kubeba robota la mitumba ameshaelewa nusu ya somo hili kabla hajafika chuoni. Tunachokifanya sisi ni kumficha kwamba ameelewa.

Anayemcheka mwanafunzi kwa kukwama hapa haijui historia ya somo analolifundisha. John Dalton wa Uingereza alipoieleza nadharia yake ya atomi katika kitabu cha mwaka 1808, alichukulia kwamba chembe ya maji ni atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro wa Turin alitoa hoja ambayo ingelisahihisha kosa hilo, lakini kwa karibu nusu karne wakubwa wa fani hawakuijali. Mambo yalivurugika hata mwezi Septemba mwaka 1860 wakemia mashuhuri wa Ulaya wakakutana mjini Karlsruhe, Ujerumani, kujaribu kukubaliana juu ya uzito wa atomi na namna ya kuandika alama za vitu vya kawaida kabisa. Hawa hawakuwa vijana wenye D. Walikuwa maprofesa wenye ndevu ndefu na vyeo virefu, nao walikwama palepale anapokwama mwanafunzi wetu: kuna nini ndani ya hiki, na kwa uwiano gani?

Ni nani aliyewafungulia njia? Ni mwalimu. Stanislao Cannizzaro, aliyekuwa akifundisha Genoa, alikuwa ameandika mwaka 1858 kijitabu cha kueleza mpango anaoufuata kuwafundisha wanafunzi wake kemia, hatua kwa hatua, akiifufua hoja ya Avogadro. Mkutano wa Karlsruhe ulipokuwa ukivunjika bila muafaka, kijitabu hicho kiligawiwa kwa wajumbe, nao wakakisoma. Mmoja wa waliohudhuria alikuwa kijana wa Kirusi, Dmitri Mendeleev. Miaka michache baadaye Mendeleev alikuwa akiandika kitabu cha kiada kwa ajili ya wanafunzi wake wa St. Petersburg, akihangaika jinsi ya kuzipanga elementi 63 zilizokuwa zikijulikana ili zifundishike. Katika mahangaiko hayo alilitoa, mwaka 1869, jedwali la elementi. Jedwali tunalolitundika ukutani na kuwatishia wageni lilizaliwa katika shida ya mwalimu ya kupanga somo.

Upo mfano mwingine ambao wakiritimba wa elimu hawapendi kuusikia. Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alipata shule kidogo tu, akawekwa uanagenzi kwa mfunga vitabu wa London. Kemia aliianza kwa kusoma vitabu vilivyoletwa dukani kufungwa. Kimoja kati ya vilivyomfungua macho kilikuwa cha mwanamke, Jane Marcet, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alitoa kitabu cha kemia bila hata kuweka jina lake, akakiandika kama mazungumzo kati ya mwalimu na wasichana wawili. Mwaka 1812 Faraday alikwenda kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy; mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara yake; mwaka 1825 akagundua benzini. Hisabati ya juu hakuijua hadi anakufa.

Najua nitajibiwa kwamba Faraday alikuwa na kipaji cha pekee na wanafunzi wetu si akina Faraday. Sawa. Mimi simtaji kwa ajili ya kipaji chake. Ninayemtaka hasa katika hoja hii ni Bi. Marcet. Yeye aliona kwamba wako watu wenye akili timamu wanaokwenda kusikiliza mihadhara ya kemia na kutoka bila kuelewa, naye hakusema hawana msingi. Alikaa chini akauandika msingi. Je, katika vyuo vyetu ni nani aliyeandika kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya muuguzi wa Kibondo, au kwa ajili ya fundi maji wa Same?

Badala yake tazama muhula unavyofunguliwa. Siku ya kwanza ni muundo wa atomi. Siku ya pili ni obitali, na namba za kwantamu nne, kila moja na herufi yake. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuona asidi ikifukuza gesi kutoka katika magadi anatakiwa kuchora makazi ya elektroni ambazo hata mkufunzi hajaziona, wala hataziona. Kwa aliyetoka kidato cha sita huo ni ukumbusho. Kwa mwenzake ni lugha ya majini. Anachokifanya ni kile ambacho binadamu yeyote mwenye busara angekifanya mbele ya maneno asiyoyaelewa na mtihani anaoukaribia: anakariri. Kisha sisi tunamlaumu kwa kukariri!

Mpangilio huo unaweza kugeuzwa. Wachoma chokaa wa pwani yetu wanaijua kazi moja ya kemia kuliko vitabu vingi. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa kwa moto mkali linatoa gesi ya kabonidayoksaidi na kubaki chokaa. Kama jiwe lingekuwa safi kabisa, kilo 100 zingebakiza kilo 56 za chokaa; kilo 44 zimekwenda hewani. Mwulize mwanafunzi: nani kaiba kilo 44? Akishalitatua swali hilo kwa kutumia uzito wa atomi, 40 za kalsiamu, 12 za kaboni, na 16 mara tatu za oksijeni, amekwisha kuelewa mlinganyo wa kemia, uhifadhi wa maada na hesabu za moli kwa pigo moja, naye hajasikia bado neno obitali. Na litakapokuja neno hilo, mwezi wa tatu au wa nne, litakuja kama jibu la swali ambalo tayari analo kichwani: kwa nini kalsiamu hushikana na oksijeni moja, na sodiamu zinatakiwa mbili?

Maganda ya mayai na siki yanatosha kuonyesha gesi hiyo hiyo ikitoka. Magadi tunayopikia maharage na maji ya ndimu yanaonyesha pia. Nayasema haya kwa tahadhari, kwa kuwa wako watakaoyadaka kama kisingizio cha kutonunua vifaa. La hasha! Chuo kinachofundisha kemia bila mizani ya kuaminika na bila bureti kinafundisha hadithi. Maganda ya mayai ni ya wiki ya kwanza tu.

Nilipokuwa chuo kikuu nilifahamiana na mtu mzima mmoja aliyekuwa bwana shamba kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuja kusoma. Alikuwa amepima udongo wa vijiji visivyohesabika, akawashauri wakulima kiasi cha chokaa cha kumwaga mashambani, na mavuno yao yalikuwa shahidi wake. Muhula wa kwanza wa kemia nusura umrudishe kwao. Kilichomshinda kilikuwa pH, kitu kile kile alichokuwa akikipima kwa miaka kumi na miwili, kwa sababu sasa kilikuja kimevaa logarithi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kila hatua moja katika kipimo kile ni mara kumi, kwamba udongo wa pH 5 una ioni za haidrojeni mara kumi ya ule wa pH 6. Alielezwa na mwanafunzi mwenzake, mdogo kwake kwa umri, wakiwa wamesimama varandani, kwa muda wa kunywa soda moja. Mhadhiri wake alikuwa na muhula mzima.

Jambo la lugha nalo hatuwezi kulikwepa. Mtoto wetu husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha kidato cha kwanza anahamishiwa Kiingereza, na asiye na kemia ya kutosha mara nyingi ndiye huyo huyo asiye na Kiingereza cha kutosha. Anabeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Sisemi kwamba mihadhara yote ibadilishwe kesho asubuhi. Ninachosema ni kwamba mkufunzi anayewaona wanafunzi wake wamekodoa macho, naye anajua maelezo matano ya Kiswahili ambayo yangewaokoa, lakini anayameza kwa kuogopa kuonekana si msomi, huyo anatumikia kasumba. Maneno yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Eleza kwa Kiswahili, andika istilahi ya mtihani ubaoni, endelea na somo. Walimu wengi wanafanya hivyo kwa kujificha, mlango ukiwa umefungwa, kana kwamba wanapika gongo.

Sasa niwageukie wenye huruma ya uongo. Wako wanaosema: kwa kuwa wanafunzi hawa ni dhaifu, basi tuwalegezee, maswali yarahisishwe, alama ziongezwe, wapite. Hawa ni hatari kuliko wale wa kwanza. Katika vituo vya afya, dawa ya klorini ya majimaji yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa hadi kupata asilimia 0.5 ya kutakasia vyombo: sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Asiyeelewa uwiano atakariri "moja kwa sita". Siku dukani ikipatikana dawa yenye nguvu tofauti, ataendelea na moja kwa sita yake. Ikiwa ile mpya ni dhaifu, vyombo vitakwenda kwa mgonjwa wa pili na vijidudu vya mgonjwa wa kwanza. Au ikija ya unga yenye klorini asilimia 70, atafanyaje? Anayejua atakokotoa: gramu 5 za klorini zinatakiwa kwa kila lita, kwa hiyo gramu 5 zigawanywe kwa 0.7, zinapatikana gramu 7 na kidogo za unga. Asiyejua atachota kwa kijiko na kumwomba Mungu. Mkufunzi aliyempa mtu huyu alama za bure amemhamishia mgonjwa deni ambalo mwanafunzi alipaswa kulilipa darasani.

Vivyo hivyo kwa maji. Watu wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro wanajua floridi inavyoyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, ikizidi mno kwa miaka mingi, inavyoipinda mifupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Fundi maji ambaye hawezi kuona mara moja tofauti ya miligramu 1.5 na miligramu 15, kwa sababu desimali kwake ni nukta tu, hafai kukabidhiwa kisima, hata kama cheti chake kimepambwa kwa dhahabu. Msaada ninaoudai kwa wasio na msingi, kwa hiyo, ni wa kuwafikisha kwenye kipimo. Kipimo chenyewe kibaki palepale kilipo.

Na wanafunzi wenyewe wasijione wametetewa mno. Ugonjwa wa kununua vijitabu vya maswali yaliyopita na kuyameza pamoja na majibu yake umekithiri. Kutazama swali lililokwisha kufanywa na mtu mwingine na kujisemea "nimeelewa" ni sawa na kutazama mpira na kudhani umekimbia. Kemia ya mwanzo inaingia kwa kalamu: maswali machache kila siku, bila kukosa, ukiandika vipimo vyako vyote kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na kurudia lililokushinda kesho yake kitabu kikiwa kimefungwa. Yapo ya kukariri, nayo ni machache: alama za elementi kama thelathini, majina na chaji za ioni za kawaida. Hayo yakaririwe kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha, yaishe. Mtu mzima aliyeacha shule miaka kumi iliyopita anaweza kuyamaliza katika mwezi mmoja akiwa kazini, kabla hata hajapanda basi la kwenda chuoni.

Nchi hii si ngeni katika jambo la kuwafungulia milango waliochelewa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kazi itangulie chuo kikuu, na watu wakaingia wakitokea viwandani, mashambani na maofisini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kina kozi ya awali kwa ajili ya wasiofikia sifa za kuingia moja kwa moja. Kwa hiyo kusema kwamba daraja kati ya sekondari na chuo ni ndoto za waandishi wa magazeti si kweli. Lisilokuwepo katika vyuo vingi vya kati ni uamuzi wa kulijenga daraja hilo ndani ya ratiba ya kawaida, kwa wanafunzi ambao tumekwisha kuwapokea.

Ninachopendekeza ni wiki nane za kwanza, saa tano kila wiki, jumla saa 40, za uwiano, vipimo, alama, milinganyo na myeyusho, nusu ya saa hizo zikiwa mezani pa maabara. Wafundishwe na mwalimu bora kuliko wote katika idara. Desturi ya sasa ya kuwatupia wanaoanza mkufunzi aliyeajiriwa juzi, huku wakongwe wakijihifadhia madarasa madogo ya mwaka wa mwisho, ni ubwana mkubwa mtupu, na katika idara ngapi haijulikani kwamba ndivyo ilivyo? Umangimeza utajibu kwamba muhtasari hauna nafasi. Muhtasari una nafasi ya mitihani ya marudio. Una nafasi ya mwanafunzi kurudia mwaka mzima, akilala katika kitanda kile kile na kula fedha ile ile ya mzazi au ya mkopo. Una nafasi, basi, ya saa 40.

Kuhusu fedha za mizani na bureti, waraka uandikwe kwa wanaohusika na ujibiwe. Lakini ipo sehemu isiyongoja waraka. Siku ya kwanza ya muhula mwalimu aingie na karatasi moja yenye maswali kumi, yote ya hesabu na hata moja lisiwe la kemia: gramu kwenda miligramu, asilimia ya lita mbili, 9 kugawa kwa 58.5, kilo tatu za sukari kwa watu saba. Awape saa moja. Asiwaandike alama, wala karatasi hizo zisiingie katika faili la mtu yeyote. Azisahihishe usiku ule ule nyumbani kwake, ili asubuhi ajue aanzie wapi.